Maswali ya Wasomaji: Wimbo wa Taratibu Hauna pa Kujificha

SWALI: Sisi ni kundi la watu watatu: kinanda, kompyuta na dada mwimbaji. Tumezoea elektroniki ya taratibu isiyo na maneno, lakini singo yetu mpya ina ladha ya soul, midundo 84 kwa dakika. Ala ni safi, ila dada anasikika kama anaimbia bafuni. Tumepunguza mwangwi kwenye programu, wapi! — Msomaji, Jinja

JIBU: Mwangwi unaowasumbua ni wa chumba, na umeshaingia kwenye rekodi. Hakuna kitufe cha kuutoa bila kuichubua sauti yenyewe. Rudieni kurekodi. Wimbo wa kasi ungeuficha kwa ngoma. Kwa mwendo wenu pigo na pigo yameachana milisekunde 714, na katika nafasi hiyo msikilizaji anazisikia kuta zenu.

Godoro lisimame nyuma ya mwimbaji. Wengi hulitundika nyuma ya maiki, wakisahau kwamba maiki imemwelekea mwimbaji, kwa hiyo inausikiliza ukuta ulio mgongoni kwake. Ongezeni blanketi mbili nzito pembeni. Mdomo na maiki viachane sentimita 15 hadi 20, maiki ikiwa juu kidogo ya mdomo ili "p" na "b" zisipulize. Zimeni feni. Kama paa ni bati bila dari, rekodini mapema asubuhi: jua likipanda bati hutoa milio, na mvua ya Jinja haibishi hodi. Vilele vya sauti visivuke -10 dB. Mkirekodi kwa biti 24 hamna haja ya kusukuma zaidi.

Sasa ndipo mtie mwangwi wa programu. Uchelewesheni milisekunde 40 hadi 60 ili neno litangulie, na kateni kila kilicho chini ya 300 Hz (mitetemo 300 kwa sekunde) ndani ya mwangwi huo, la sivyo besi itajaa ukungu. Pumzi za mwimbaji msizifute. Zipunguzeni dB 6 hivi, basi. Na tafadhali, achaneni na kunyoosha kila noti kwa mashine. Mwimbaji wa soul huiingia noti kutoka chini kidogo kisha akaipanda, na huo mpando ndio utamu wenyewe. Ukiunyoosha, umebaki na mlio wa simu.

SWALI: Tumechanganya adungu halisi, kile kinubi cha Uganda, na kinanda cha elektroniki. Beti ya kwanza vinapatana. Kufikia kiitikio cha pili vinagombana. Adungu tuliipima kwa simu kabla ya kuanza. — Msomaji, Arua

JIBU: Mliipima mara moja, hapo ndipo kosa. Nyuzi za nailoni hulegea kwa joto na kwa kupigwa, na ngozi ya ng'ombe iliyofunika sanduku lake hunywa unyevu wa hewa. Iacheni adungu nusu saa ndani ya chumba cha kurekodia kabla ya kuikaza, kisha pimeni upya kila mnapomaliza rekodi moja.

Kama rekodi mliyonayo ni tamu na hamtaki kuipoteza, sikilizeni kwanza: je, nyuzi zote zimeshuka sawasawa? Ikiwa zimeshuka kwa senti 10 (senti 100 ni nusu toni), shusheni noti ya A ya kinanda kutoka 440 Hz hadi karibu 437.5 Hz, ugomvi utaisha. Zikiwa nyuzi mbili tatu tu, rekebisheni noti hizo peke yake. Halafu kwenye beti kinanda kinyamaze. Adungu na sauti ya mtu tayari vinagombea sehemu moja ya katikati. Wa tatu ni wa nini?

SWALI: Besi yetu inatetemesha studio, lakini kwenye simu haipo, na katika baa moja ya Kabalagala ilipotea kabisa. — Msomaji, Kampala

JIBU: Hayo ni magonjwa mawili. Spika ya simu haiwezi kutoa 55 Hz. Itieni besi ukwaruzo kidogo ili izae sauti za juu yake za 110, 165 na 220 Hz. Sikio litajaza lililobaki. Kwenye baa, inaelekea spika zilipigwa kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiunganishwa kuwa kimoja, nanyi mliitanua besi kushoto na kulia. Pande mbili zikikutana zinafutana. Chini ya 120 Hz kila kitu kikae katikati, na bonyezeni kitufe cha mono kabla hamjautoa wimbo studio.

SWALI: Tuupeleke lini wimbo wetu kwa msambazaji wa mtandaoni? — Msomaji, Mbarara

JIBU: Wiki 4 kabla. Spotify wanataka wimbo uwasilishwe kwa wahariri wao angalau siku 7 kabla ya kutoka, na huwezi kuuwasilisha kama msambazaji hajaufikisha. Faili iwe WAV, picha pikseli 3000 kwa 3000. Spotify hushusha sauti hadi -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), kwa hiyo wimbo uliobanwa hadi -7 utashushwa tu, nao utakuwa umekwishapoteza pumzi. Kilele cha wimbo uliokamilika kiishie -1 dB.

Kabla ya yote hayo, andikeni mgawanyo wa haki za wimbo na mtie sahihi. Utunzi ni haki moja, rekodi ni nyingine. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inazitenga. Utunzi usajilini UPRS, chama cha kukusanya mirabaha ya watunzi, kwa asilimia mlizokubaliana. Mpiga ala wa kualikwa naye awe na karatasi yake: ama amelipwa akamaliza, ama ana fungu.