Jibu: Lori likiwasha indiketa ya kushoto, wa baiskeli afanyeje?

Mkuu, umeuliza kama indiketa ya kushoto ya lori kwenye barabara ya Morogoro maana yake linakata kona au linakuruhusu upite. Inategemea dereva anaongea na nani. Wa malori wana lugha yao: ya kulia ni usinipite, kuna gari linakuja; ya kushoto ni njia nyeupe, pita. Usiku wengine huwasha ya kulia ili anayekuja mbele ajue ubavu wa gari unaishia wapi. Ni mazoea tu, sio sheria.

Wewe wa baiskeli chukulia moja: kushoto, anakuja upande wako. Tena lenye tela likitaka kuingia kushoto huanza kwa kutanua kulia. Unaona uwazi pembeni, unajipenyeza, kumbe tairi za nyuma zinakata ndani kuliko za mbele. Hapo huna pa kutokea. Baki nyuma, mahali unapouona uso wa dereva kwenye saiti mira. Usipouona, naye hakuoni.

Ukitaka kukata kulia mwenyewe, geuka uangalie nyuma kwanza, ndipo unyooshe mkono. Bodaboda usiwaige: wengine indiketa inawaka tangu Ubungo hadi Kibaha na wenyewe hawana habari.