Arbuni kwanza, koni baadaye

Wadogo zangu mnaoniuliza kama hina yaweza kumlisha mtu: yalisha, mimi huu mwaka wa tisa. Lakini kuchora ni kipande kidogo cha kazi, na ndicho mnachokijua tayari.

Nilianza kwa mapenzi tu, nikiwapaka binamu zangu barazani, Kuze, Mombasa. Malipo yangu yalikuwa dua. Dua ni njema, ila konda wa matatu haipokei.

Bi harusi wangu wa kwanza alikuwa wa Likoni, na bei hatukuitaja, niliona haya. Nikavuka feri, nikampaka mikono hadi viwikoni na miguu hadi magotini, masaa matano nimeinama. Mwisho shangazi mtu akanitilia bahasha mkononi: shilingi 500, na biriani ya kwenda nayo nyumbani. Biriani ilikuwa tamu, sikatai. Lakini unga, mafuta ya mkaratusi na nauli vilikuwa vimeshakula 600.

Tangu siku ile bei huitaja kabla sijachanganya unga, na nusu yake hupokea kwa M-Pesa ndipo naandika tarehe. Asiyetoa arbuni simwekei siku, hata awe mtoto wa khalati. Jamaa watanuna. Wengi wangu walirudi. Yule shangazi bado.

Kisha jueni kuwa mwaka wetu haufuati Januari. Shaabani hulali kwa harusi, halafu Ramadhani koni za kupakia hina zinakauka mpaka usiku wa kuamkia Idi, wasichana wanapojaa mlangoni kila mmoja na kiua chake cha bei ndogo. Pesa za Shaabani ndizo futari yako. Mwaka wa kwanza mimi zangu nilinunulia leso.

Kuhusu piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, nitakuwa mkali. Wengi huitengeneza kwa dawa ya nywele nyeusi, yenye kemikali ya PPD, na hiyo hubabua ngozi na yaweza kuacha kovu. Watalii wanaotoka Fort Jesus huitaka kwa sababu inashika upesi. Mimi nawakatalia, na wengine huondoka na pesa zao. Hina halisi hutoka rangi ya machungwa, kisha hukolea kwa siku moja au mbili, kwa hivyo bi harusi mpakeni siku mbili kabla. Mwambieni hayo mapema, la sivyo atawapigia usiku wa manane akilia.

Na kazi ya mchana msiiache bado. Nilikuwa nauza vitambaa Biashara Street, nikaaga pale arbuni zilipopita mshahara wangu miezi mitatu mfululizo. Mwenye duka alinicheka. Shaabani iliyofuata akanipigia, bintiye anaolewa. Nikamtajia bei, kimya kidogo, kisha simu ikalia: nusu imeingia.