Ukakasi wa kaliandra: mbegu, udongo na muda wa kukata

Kaliandra ni mti wa malisho. Yako ng'ombe anaisusa, ya jirani anaifagia yote. Kabla hujang'oa miti, tafuna jani moja la kila shamba. Ulimi ukikauka na kukaza kama umeuma ndizi mbichi, hiyo ni tanini. Mti haukimbii anayeula, basi hujikinga kwa kutia ukakasi ndani ya jani. Tanini hushika protini. Ikizidi, protini hiyo inaishia kwenye samadi badala ya maziwa. Ikiwa ya kiasi ina faida: haiachi protini yote ivunjwe katika tumbo la kwanza, na hupunguza kujaa gesi.

Aina ya tanini huja na mbegu. Kaliandra yenye asili ya San Ramón, Nikaragua, na ile ya Patulul, Guatemala, zina tanini za muundo tofauti. Wingi wake, lakini, hutegemea sana mahali. Kwenye udongo mchovu mti hukosa naitrojeni ya kuotesha majani mapya, na sehemu ya sukari iliyotengenezwa juani huenda kwenye tanini. Majani ya juani nayo kwa kawaida huwa makali kuliko ya kivulini. Kwa hiyo tia samadi kwanza, lawama kwa mbegu baadaye.

Ukitaka uhakika, tumia mizani. Kata kilo 3 kutoka kila ua (mstari wa miti ya kaliandra), machipukizi ya umri mmoja, umpe ng'ombe yuleyule: siku tano za ua huu, siku tano za ule. Pima mabaki kila siku. Ukichanganya machipukizi machanga na yaliyokomaa, jaribio halina maana.

Kosa la kila siku ni kukata jioni na kulisha kesho yake mchana. Kaliandra ikinyauka, tanini huzidi kung'ang'ania protini. Ikatwe na kuliwa siku hiyohiyo. Kilo 3 mbichi hukaribia lishe ya kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Kilo 6 kwa siku kwa ng'ombe mmoja huhitaji miti kama 500. Anza kukata miezi 9 hadi 12 baada ya kupanda, ukiacha shina la karibu mita 1.

Lusina, mti mwingine wa malisho, si lazima iliwe mbichi siku hiyohiyo. Yenyewe kinga yake ni mimosini, aina ya sumu, nyingi zaidi kwenye ncha changa, na kuianika juani huipunguza. Isizidi theluthi moja ya mlo wa ng'ombe. Punda, nguruwe na sungura huathirika upesi. Ukiona punda anapukutika nywele za mkia, acha kumpa.

Mbegu za kaliandra usichume kwenye mti mmoja uliousifu. Chuma kwenye miti 30 au zaidi, iliyoachana mita 50 hivi, uchanganye, uloweke saa 48 katika maji baridi, upande siku unapozitoa majini.