Mesalazini ikiisha, usiweke diklofenaki badala yake

Umeuliza: mama ana ugonjwa wa uvimbe wa utumbo, mesalazini yake imeisha, je, umwekee diklofenaki iliyobaki nyumbani? Hapana ndugu, usimwekee. Zote mbili ni dawa za uvimbe za kuweka njia ya haja kubwa, lakini kazi ni tofauti. Mesalazini hutuliza ukuta wa utumbo wenyewe. Diklofenaki ni ya maumivu, jamii moja na ibuprofeni, na kwa mwenye ugonjwa wa uvimbe wa utumbo inaweza kuuamsha upya na kuleta damu. Nipo famasi, hili tunaulizwa sana.

Mesalazini akiipata, aiweke usiku akishatoka chooni, alale nayo. Ikitoka mapema haijafanya kazi. Ivue karatasi yake yote kwanza, na kama ni ngumu kuingia, ilowanishe ncha kwa maji kidogo. Asiache kwa sababu damu imekata, daktari ndiye aseme. Inafika sehemu ya mwisho tu ya utumbo mpana, kwa hiyo ugonjwa uliopanda juu huhitaji na vidonge au dawa ya maji ya kuingiza huko huko.

Kama aspirini humletea mzio, au ana tatizo la figo, daktari ajue kabla hajaendelea na mesalazini.