Mwambie rezidenti ulichokiona mkononi mwake

Mkuu, umesema wewe ni bingwa mpya wa upasuaji, umekabidhiwa marezidenti watatu (madaktari wanaosomea ubingwa) na hujui utawapimaje bila kuwavunja moyo. Nakujibu kwa yaliyonikuta hapa hapa Dar.

Nikiwa mwaka wa pili, bingwa mmoja aliniambia mbele ya manesi, "Una mikono mizito." Basi, hakuongeza neno. Tangu hapo nikawa naingia thieta (chumba cha upasuaji) natetemeka, na mikono ikazidi uzito. Aliyenitoa huko ni bingwa mwingine. Tulikuwa tunafunga ngozi baada ya kutengeneza ngiri, mgonjwa amechomwa ganzi ya mgongo, yu macho na anasikia kila kitu. Akatazama mishono mitatu, kisha akaninong'oneza: "Umeishika sindano karibu mno na ncha. Rudi nyuma, uizungushe kwa kifundo cha mkono, usiisukume." Mshono wa nne sindano ikapita kwa kufuata mpindo wake. Sijamsahau mpaka leo.

Kwa hiyo wakati tunanawa mikono huwa namuuliza rezidenti: leo nikuangalie nini? Akisema mafundo, macho yangu yako kwenye mafundo. Tukitoka tunakaa dakika tano, yeye anaanza kusema alivyojiona, ndipo nami namwambia nilichokiona. Aliyefanya vizuri naye aambiwe ni kipi hasa, la sivyo kesho hatajua arudie nini. Kitu cha hatari kwa mgonjwa hakisubiri kikao. Hapo unamsimamisha papo hapo, kwa sauti ya chini.

Kwa alama natumia OSATS, kipimo cha ufundi wa mikono ya mpasuaji kilichobuniwa Toronto miaka ya 1990. Kina vipengele saba, kila kimoja 1 hadi 5: anavyozigusa nyama za mwili, anavyoshika vifaa, anavyomtumia msaidizi na kadhalika. Jumla isikudanganye. Mwenye jumla nzuri anaweza kuwa na 2 kwenye kumtumia msaidizi, na mazungumzo yenu yako hapo.

Halafu, tafadhali, mgonjwa asiwe mtihani wake wa kwanza. Sisi tunanunua utumbo wa mbuzi machinjioni Vingunguti, wanaukata, wanauunganisha, kisha tunaujaza maji kwa bomba la sindano tuone kama unavuja. Juzi maji yalichuruzika upande wa mesenteri (utando unaoushikilia utumbo), pale mishono inapojificha. Sikusema kitu. Rezidenti aliinama, akaona mishono miwili imeachana, akaifumua mwenyewe akaanza upya.