Maswali ya wasomaji: Shomoro adimu Central Park

SWALI: Habari za kazi. Naishi Bronx, Jumamosi huwa napenda kwenda Central Park na darubini ya mwanangu kuangalia ndege. Wenyeji wananiambia kuna shomoro wa kila aina humo ila mimi naona wale wale tu wanaogombania makombo kwenye mabenchi. Hao adimu wanakaa wapi, na nitawajuaje wakati wote ni kahawia na michirizi? – Mama Z

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza toka hapo kwenye mabenchi. Hao wa makombo ni shomoro wa nyumbani, ndo hao hao wa Mombasa na Zanzibar, na New York pia ni wageni, waliletwa toka Uingereza wakaachiwa Brooklyn mwanzoni mwa miaka ya 1850. Unaowatafuta wewe ni familia nyingine kabisa, mkate hawana habari nao, wao ni mbegu na wadudu chini ya vichaka.

Mwezi wenyewe ni Oktoba. Wanasafiri usiku kushuka kusini, so ukiona usiku umepoa na upepo unatoka kaskazini, kesho yake wahi asubuhi. Nenda upande wa kaskazini wa bustani, kilima cha Great Hill na msitu wa jirani yake, watu si wengi kule. Ila mbwa sehemu nyingi wanaruhusiwa kuachiwa kamba mpaka saa 3 asubuhi, kwa hiyo tafuta palipozungushiwa uzio na majani yameachwa yakarefuka.

Ukifika simama tu, sikiliza majani makavu. Yule mwenye koo jeupe anachakura kwa miguu yote miwili kwa mpigo, anaruka mbele kidogo halafu anavuta nyuma majani yanaruka, utamsikia kabla hujamwona. Huyo ni wa kawaida lakini usimdharau hata kidogo, maana adimu wanajichanganya humo humo kwenye kundi lake, we pitia mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

Sasa angalia kifua. Michirizi minene inayokutana katikati ikafanya doa, huyo ni mwingine wa kawaida, anaitwa song sparrow. Michirizi myembamba sana juu ya kifua chenye rangi ya chai ya maziwa, uso wa kijivu, na akishtuka anasimamisha manyoya ya kichwani, basi mama umempata shomoro wa Lincoln (sio rais, ni kijana Thomas Lincoln aliyesafiri na mchoraji wa ndege Audubon 1833). Ana aibu huyo, akiingia kichakani msubiri, mara nyingi atatokea tena.

Tafadhali sana usimpigie sauti za ndege kwenye simu ili atoke. Karuka usiku kucha, ana njaa, na safari bado anayo. Na mwisho wa Oktoba kuingia Novemba rudi tena, kuna mmoja mkubwa kuliko wenzake, mwekundu wa kutu, huwa anachelewa kufika.