Usiulize Nani Kawaroga: Ushauri kwa Anayeanza Manga za Kutisha

Nilipomwambia shangazi yangu kule Tanga kwamba siku hizi nasoma manga, alidhani nazungumzia pilipili manga, akaniuliza imepanda bei kiasi gani. Nikamweleza kuwa ni vitabu vya katuni vya Kijapani. "Katuni, na umri huo?" Nikamfungulia ukurasa mmoja wa Junji Ito, mchoraji wa Kijapani wa manga za kutisha. Aliutazama, akakifunga kitabu, akakilaza kifudifudi mezani na kukiwekea sahani juu. Habari ya umri hajaigusa tena.

Huu ni mwaka wangu wa tano na manga za kutisha. Hakuna aliyenishika mkono, kwa hiyo nilianza ovyo ovyo, nikakata tamaa, nikarudi. Mpwa wangu ameniomba nimwelekeze, na nilipoona ujumbe wake unazidi kurefuka nikasema bora niuweke hapa, wengine nao wasome.

Nakala yangu ya kwanza ilikuwa Tomie ya huyo huyo Ito, niliyoipata kwa muuza vitabu vya mtumba. Sikujua ni nini; sura ya msichana wa kwenye jalada ndiyo iliyonivuta. Nikapanda daladala, nikakifungua upande wa kushoto kama kitabu kingine chochote. Ubaya wa Tomie ni kwamba hata ukiisoma kinyume inaleta maana: msichana anauawa, anarudi, anauawa tena, na wanaomuua ndio hao hao wanaompenda hadi kurukwa na akili. Nilifika nusu ya kitabu nikiamini Wajapani wanasimulia nyuma mbele kwa makusudi. Aliyenizindua ni mwanafunzi wa sekondari aliyesimama kando ya kiti changu. "Kaka, samahani, unasoma kinyume." Alinong'ona, kama anayemwambia mtu zipu yake iko wazi.

Manga huanzia kulia. Kama utotoni ulipita chuoni ukasoma juzuu amma, mkono wako unajua tayari: fungua kama msahafu. Ndani ya ukurasa nako ni hivyo hivyo, unaanza na kiboksi cha juu kulia, unakwenda kushoto, ndipo unateremka. Hata maneno ya wahusika, anza na yaliyo kulia. Siku mbili tatu macho yatagoma, kisha yatanyooka yenyewe.

Na mwelekeo huo una kazi. Kitabu kikiwa wazi mbele yako, kiboksi cha mwisho kabisa kiko chini kushoto, na hapo ndipo mchoraji anapokutegea. Ukikichunguza, mara nyingi hakina jambo kubwa. Mtu kasikia kitu. Mtu kashika kitasa. Jicho limetoka pima. Unafunua, na upande wa pili, ukurasa mzima, kipo kile ambacho hukutaka kukiona. Na aliyefunua ni mkono wako mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha. Sinema haiwezi kukufanyia hivyo, maana yenyewe inakwenda tu, utake usitake.

Ndiyo maana nasisitiza: usianze na zile skani za bure zinazoteremka mfululizo kwenye simu. Unakuta chini ya mlango uliofungwa vidole vya anayekuja vimeshachungulia, na mtego wote umekwisha. Kama huna njia ila simu, tumia programu inayofungua ukurasa mmoja mmoja. Lakini ukiweza, shika karatasi. Vitabu hivi ni ghali, sikatai. Sisi tuko watatu, kila mmoja ananunua kimoja kwa muda wake, halafu vinazunguka. Cha kwangu kimoja kimerudi na doa la chai katikati ya uso wa mtu, na kusema kweli doa lile limezidisha kitisho.

Sasa nije kwenye kilichonikatisha tamaa. Baada ya Tomie nilirukia Uzumaki, maana kila mtu mtandaoni anaisifu. Ito aliichora kwa mfululizo katika jarida la Big Comic Spirits, 1998 hadi 1999. Kuna mji mdogo, Kurouzu, na mji huo unavamiwa na umbo. Halikuja jini wala maiti, ni umbo tu, ule mzunguko wa gamba la konokono. Linaonekana kwenye maji ya kijito, kwenye moshi, kwenye nywele. Baba wa kijana mmoja aitwaye Shuichi anaanza kukusanya kila kitu chenye umbo hilo, anaacha kazi, anakaa nalo akilitazama. Mkewe yeye analiogopa, kila chenye umbo hilo kiondolewe mbele yake, mpaka siku anapogundua kwamba liko kwenye ncha za vidole vyake. Anachukua mkasi.

Nilisoma nikingoja. Nangoja nini? Nangoja kuambiwa nani kawaroga. Ndivyo tulivyolelewa. Kuanzia hadithi za bibi hadi filamu za Bongo, kitisho chetu kina mwenyewe: mke mwenza kaenda kwa mganga, mirathi imedhulumiwa, mzimu haukutambikiwa, jini katumwa. Ukishamjua aliyekituma, dawa inatafutwa. Nikapita juzuu ya kwanza, nikaingia ya pili, mtuhumiwa hayupo. Nikakitupia kitabu kabatini nikasema huyu bwana anajua kuchora, kusimulia hajui.

Kilichonirudisha ni laini ya simu. Nilikuwa nasajili laini kwa alama za vidole na mashine ikakataa kidole gumba changu. Wakala akanipa kitambaa, nifute, nikandamize tena. Ikakataa. Mara ya nne nikakiinua kidole nikitazame kina nini, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kukitazama kweli. Lile umbo lilikuwepo. Mstari ndani ya mstari ndani ya mstari, hadi katikati. Liko hapo tangu nizaliwe, limetulia, halinidai kitu. Saa sita mchana, kibandani, foleni nyuma yangu, na vinyweleo vimenisimama. Hakuna aliyelituma. Jioni nikakitoa kitabu kabatini.

Kwa hiyo hilo ndilo ningependa ulijue kabla hujafungua ukurasa wa kwanza: kwa mchoraji kama Ito, usingoje mganga. Soma kama unavyotazama mvua isiyokatika. Shangazi naye, nilipomsimulia habari za mji ule, swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo, nani kawafanyia. Nikamwambia hakuna. Akanyamaza kidogo. "Basi hiyo haina dawa," akasema, na nadhani hajawahi kutokea mhakiki aliyeieleza vizuri zaidi.

Si kwamba Wajapani hawana visasi na mizimu. Wanayo tele. Mwaka 1979 watoto wa shule huko walitishana nchi nzima na habari za mwanamke aliyefunika mdomo kwa kitambaa, anayekusimamisha njiani na kukuuliza kama yeye ni mzuri, kisha anajifunua, na mdomo umechanwa hadi masikioni. Mtu wa pwani akisikia hivyo anamkumbuka mara moja yule dada mrembo wa usiku ambaye ukiinamisha macho unaona kwato. Uvumi ule unatajwa kuanzia Gifu, mkoa aliozaliwa Ito mwaka 1963. Lakini yeye akachukua njia yake. Tomie aliituma kwa jarida la Monthly Halloween mwaka 1987, wakati huo akiwa fundi wa meno ya bandia. Amewahi kueleza kwamba wazo lilitokana na kifo cha mwanafunzi mwenzake: haikumwingia akilini kwamba mtu aliyekuwepo hayupo tena, akawaza ingekuwaje kama angeingia darasani asubuhi na kuketi kama kawaida.

Basi uanze na ipi? Usianze na Uzumaki kama mimi. Anza na hadithi fupi. Ninachowapa watu ni Shiver, mkusanyiko uliotoka kwa Kiingereza mwaka 2017, kwa sababu hadithi zake Ito alizichagua mwenyewe na kila moja ameifuatishia maelezo mafupi ya jinsi ilivyomjia. Humo kuna mgonjwa ambaye ndoto zake zinarefuka kila usiku, hadi akilala usiku mmoja anaona ameishi miaka na miaka, na anaamka hakumbuki vizuri yeye ni nani. Humo pia kuna vichwa vikubwa vinavyoelea angani kama mapulizo, kila kimoja kina sura ya mtu fulani na kamba ya kitanzi chini yake, na kila kimoja kinamtafuta mwenye sura hiyo. Soma moja kwa usiku. Ukizisoma tano mfululizo zinakufa ganzi, unabaki unahesabu maiti.

Na usisome ukila. Kuna hadithi humo ya familia inayoishi juu ya mgahawa wa nyama choma, mafuta yameingia kwenye kuta, kwenye hewa, kwenye ngozi ya kaka mtu. Zaidi sisemi. Nilikuwa na sahani ya chipsi mayai mkononi, nikampa mlinzi.

Kama unapenda hadithi ndefu yenye watu wa kuwahurumia, mtafute Kazuo Umezu, aliyezaliwa 1936 na kufariki 2024. Tuzo yenye jina lake ndiyo iliyompa Ito kutajwa kwake kwa mara ya kwanza, kwa hiyo hapa unakwenda kwa mwalimu. The Drifting Classroom aliichora kati ya 1972 na 1974 katika jarida la wavulana. Mtoto wa shule ya msingi, Sho, anagombana na mama yake asubuhi, anatoka bila kuaga vizuri. Shule inatoweka na wote waliomo, na kuibuka kwenye jangwa ambako hakuna kitu. Walimu, wale wakubwa wenye majibu, ndio wanaochanganyikiwa mapema. Mchoro wake ni wa zamani, watoto wanapiga makelele midomo wazi kila ukurasa, na mwanzoni utaona kama mchezo wa jukwaani. Vumilia. Mimi kilichonitesa humo si madubwana, ni yule mama, anayekumbuka neno la mwisho alilomwambia mwanawe.

Jambo dogo ninalolipenda kupita kiasi: sauti. Manga huchora sauti kwa herufi kubwa ndani ya picha, na Wajapani wana neno hata la kimya chenyewe, "shiin". Kwenye tafsiri za Kiingereza utaona wafasiri wanahangaika nalo. Sisi hatuhangaiki. Kimya jii. Giza totoro. Kalala fofofo. Kila nikikutana na chumba kitupu chenye herufi zile, kichwani mwangu nasikia "jii", na nafikiri siku mtu atakapozitafsiri kwa Kiswahili, hapo hatutapungukiwa.

Watoto wasipewe yoyote kati ya hizo nilizotaja. Kama una mdogo wa miaka kumi anayechungulia, mpe Shigeru Mizuki, aliyepoteza mkono wa kushoto katika Vita vya Pili vya Dunia huko Rabaul, Papua New Guinea, akarudi akachora vibwengo maisha yake yote. Kitaro wake ni mtoto wa makaburini ambaye baba yake amebaki jicho tu, jicho lenye mwili na miguu, linalotembea na kutoa ushauri. Watoto hulipenda. Upande wa pili kabisa wako Hideshi Hino na Suehiro Maruo. Hao waache kwanza. Hino ni damu, Maruo anachanganya damu na ngono kwa ufundi ambao utakufanya ujione mchafu kwa kuusifia mchoro. Nimewasoma, kitabu cha Maruo nimekigawa.

Na ukiona Ito amekulemea, alichora kitabu kizima kuhusu paka wake wawili, Yon na Mu, kwa mkono ule ule wa kutisha. Paka anajinyoosha tu, lakini kwa jinsi alivyochorwa utadhani nyumba ina mapepo.

Mpwa wangu hakunisikiliza. Shiver aliiacha mezani, akabeba Umezu kwa sababu ni kinene na anaona hadithi fupi ni za wavivu. Juzi saa saba usiku simu ikalia, ujumbe kutoka kwake: "Mjomba uko macho? Yule mleta chakula cha shule, ni mtu mzuri au?" Alikuwa amepiga na picha. Kiboksi cha chini kushoto. Nilikuwa macho, ila sikumjibu.